Kabla Hujalipa, Litafute Jina Lao kwa Msajili

Mkaazi wa Nairobi anayetaka kufungua biashara huanza na jina. Atalizungusha kichwani, atawauliza marafiki, ataunganisha la mwanawe na la mama yake, kisha ataingia eCitizen au ataenda saiba ya mtaani kuhakikisha hakuna aliyemtangulia. Hilo tumelizoea na tunalifanya vizuri. Lakini mtu huyohuyo, siku ya kulipa pesa za kwanza za ploti Joska, au ada ya wakala anayemwahidi kazi Qatar, au pesa za mkandarasi wa kuchimba msingi, halitafuti jina la anayemlipa. Anatazama ofisi, anatazama suti, anatazama ukurasa wa Facebook wenye wafuasi wengi, halafu anatoa pesa.

Nasema daftari la Msajili wa Kampuni liliwekwa kwa ajili ya huyu anayelipa hata zaidi ya yule anayefungua biashara. Sisi wananchi tunalitumia nusu, na serikali nayo imelifungua nusu.

Zamani kulikuwa na kisingizio. Kuitafuta kampuni ilikuwa safari ya kuteremka mjini hadi Sheria House, Harambee Avenue, kujaza fomu, kulipa, kuambiwa urudi. Faili lilikuwa la karatasi, na karatasi hupotea. Nje walisimama mabroka waliodai wanaweza kuharakisha mambo. Kisha zikaja sheria za mwaka 2015. Sheria mpya ya Kampuni ilichukua nafasi ya ile iliyojulikana kwa miaka mingi kama Cap 486, na sheria nyingine ya mwaka huohuo ikaunda taasisi ya usajili wa biashara ambayo wengi tunaiita BRS. Siku hizi maombi yanapita mtandaoni, malipo ni kwa simu, na asiye na intaneti anaweza kwenda Huduma Centre. Ni hatua kubwa na waliofanya kazi hiyo wanastahili pongezi.

Utafutaji wa jina lako mwenyewe hauna mengi. Unaandika majina kadhaa, ukianza na lile unalolipenda zaidi. Msajili atakataa jina lililo sawa au linalokaribiana mno na lililomo tayari, jina la matusi, na jina linalomfanya mtu adhani biashara ni ya serikali. Maneno mengine yana wenyewe: huwezi kujiita benki bila idhini ya Benki Kuu. Likikubaliwa, linawekewa akiba kwa siku 30, na usipokamilisha usajili au kuomba muda zaidi, mwingine anaweza kulichukua. Watu hukasirika jina likikataliwa, lakini mimi naona hapo ndipo Msajili anapotulinda. Yafikirie maduka mawili ya spea Kirinyaga Road yenye jina moja, moja linauza breki halisi na jingine linauza za kubandika nembo. Anayeumia ni mwenye gari.

Hapa pana jambo ambalo wafanyabiashara wadogo hawaambiwi mapema. Jina likikubaliwa na Msajili, bado hujawa na alama ya biashara. Alama husajiliwa KIPI, taasisi ya serikali inayosajili alama za biashara, ofisi zao ziko Popo Road, South C, na mwenye alama hulindwa kwa miaka 10 na anaweza kuihuisha tena na tena. Unaweza kuwa na cheti halali cha jina la biashara, ukachapisha mabango na mifuko, kisha ukapokea barua ya wakili wa mtu aliyesajili alama hiyo kwa bidhaa za aina hiyohiyo. Kwa hiyo tafuta KIPI kabla hujamlipa mchoraji wa bango, na siku hiyohiyo angalia kama anwani ya tovuti ya .co.ke bado iko huru.

Sasa turudi kwa anayetoa pesa, kwa sababu ndiye ninayemhangaikia.

Kuna jina la biashara, na kuna kampuni. Watu wengi huona cheti ukutani na kudhani ni kitu kimoja. Jina la biashara ni vazi tu la mtu: nyuma yake yuko fundi au mama mwenye duka, na deni la duka ni deni lake yeye. Kampuni ni mtu wa kisheria aliye peke yake, ana mali yake na madeni yake. Ukiangalia namba ya cheti utaona tofauti: vyeti vya jina la biashara huanza na BN, kampuni binafsi za siku hizi huanza na PVT, na nyingi za zamani zina CPR pamoja na mwaka. Tena tangu 2015 mtu mmoja pekee anaweza kuunda kampuni binafsi, awe mwenye hisa zote na mkurugenzi wa pekee. Neno Limited halikuambii kwamba kuna bodi au mtaji wa mamilioni.

Linachokuambia ni jambo lingine, zito. Linakuambia kwamba kampuni ikianguka, mwenye hisa kwa kawaida hupoteza kile tu alichoahidi kwenye hisa zake. Nyumba yake Karen inabaki yake. Wewe uliyelipa ploti unabaki ukiidai kampuni isiyo na kitu. Sheria imempa ngao hiyo kwa nia njema, ili watu wathubutu kuwekeza. Lakini ngao hiyo sisi wote ndio tunaoilipia, na malipo tunayostahili kupata ni uso wake: jina lake liandikwe mahali ambapo yeyote anaweza kulisoma. Hiyo ndiyo sababu ya kuwa na daftari.

Jirani yangu anauza nguo Gikomba. Ni mama mchapakazi, na alikuwa amekusanya akiba kwa chama ili anunue ploti. Alinionyesha mkataba akitaka nimsomee.

"Mama, hii kampuni umeitafuta?" nikamuuliza.

"Nimeenda mpaka ofisini kwao. Wana lifti, wana zulia, na cheti wamekitundika ukutani."

Tukaomba CR12 pale mezani kwake. Ile CR12 ni karatasi rasmi ya Msajili inayoonyesha wakurugenzi na wenye hisa. Kipeperushi kilijisifu kwa uzoefu wa miaka kumi, kumbe kampuni ilikuwa na miezi saba tangu isajiliwe. Bwana aliyekuwa akimpigia simu kila jioni na kujitambulisha kama mkurugenzi hakuwa mkurugenzi, wala hakuwa na hisa hata moja. Mama akamwomba barua ya wakurugenzi inayompa ruhusa ya kuuza. Simu zikakoma. Akiba yake iko mpaka leo.

Hakuna ujuzi wa kiwakili uliotumika hapo. Unasoma tarehe ya kusajiliwa na kuilinganisha na majigambo yao. Unaangalia kama anayetia saini mkataba wako yumo kwenye orodha, au ana barua kutoka kwa waliomo. Unaangalia kama jina kwenye mkataba ni lilelile, herufi kwa herufi, kwa kuwa matapeli hupenda kujiweka jirani na jina linaloheshimika. Unaangalia kama kuna rehani iliyoandikishwa juu ya mali ya kampuni. Na ili ujue kama ni kampuni iliyokufa, pitia Gazeti Rasmi la Serikali linalotoka kila Ijumaa, maana Msajili hutangaza humo majina ya kampuni zinazofutwa. Cheti cha ukutani peke yake usikiamini. River Road imejulikana miaka mingi kwa karatasi bandia.

Jambo jingine jepesi ambalo kila mwenye simu analiweza: unapolipa kwa M-Pesa, jina la mpokeaji linatokea kabla malipo hayajakamilika. Lisome. Ikiwa umeambiwa unailipa kampuni na jina linalotokea ni la mtu binafsi, simama hapo. Na ada za serikali, pamoja na hizi za Msajili, hulipwa kupitia Paybill 222222. Anayekuomba utume kwenye namba yake ili "akufanyie haraka" hana haki ya pesa hiyo.

Ni lazima pia niseme daftari halijui kila kitu. Kampuni za zamani ambazo wenyewe hawajaziunganisha na akaunti za mtandaoni zinaweza zisionekane unapotafuta, na kutoonekana huko si ushahidi wa utapeli; hapo unamwandikia Msajili. Kampuni inaweza kuwa na karatasi zote safi na bado ikakuibia. CR12 haithibitishi kwamba ploti ni yao, hivyo hati ya ardhi itafutwe upande wake, na kwa Nairobi mfumo wa Ardhisasa umekuwapo tangu 2021. Wakala wa kazi za ng'ambo awe kwenye orodha ya Mamlaka ya Taifa ya Ajira. Anayekukopesha kwa simu awe kwenye orodha ya Benki Kuu. Sacco inayopokea amana, iulizie kwa SASRA, mamlaka inayosimamia sacco. Hata hivyo, kila moja ya orodha hizo unaitafuta kwa jina kamili la kampuni, na jina hilo unalipata kwa Msajili. Usipoanza hapo unauziwa mbuzi kwenye gunia.

Nimesema serikali nayo imelifungua daftari nusu. Kwa miaka mingi kutafuta jina kuligharimu shilingi 150 na CR12 shilingi 650. Kwa anayenunua ploti hizo si pesa za kumnyima usingizi. Lakini kwa kibarua wa Mukuru ambaye kiwanda cha Industrial Area kimekataa kumlipa, na anataka tu kujua ni nani wa kumshtaki, hayo ni malipo ya siku nzima. Uingereza, ambako sisi tuliirithi sheria yetu ya kampuni, ofisi yao ya Companies House iliyafungua haya yote bure mtandaoni mwaka 2015, mwaka uleule sisi tulipopitisha sheria zetu mpya. Unaandika jina la kampuni na unaona wakurugenzi, tarehe, na hesabu za mwaka. Tungeweza kuiga na hili pia.

Katiba yetu, Kifungu cha 35, inampa kila raia haki ya kupata taarifa zilizo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Kupata Habari ya 2016 ikatilia nguvu. Taarifa ya nani anamiliki kampuni tayari serikali inayo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, katika kashfa ya zabuni za serikali, nchi nzima iliulizana Anglo Leasing ni nani hasa. Mwaka 2020, wakati wa sakata la vifaa vya Covid-19 pale KEMSA, mamlaka ya serikali ya kununua dawa na vifaa vya tiba, tukauliza tena, tuliposikia kuhusu kampuni zilizosajiliwa muda mfupi tu kabla ya kupewa zabuni kubwa. Mwaka huohuo kanuni mpya zilizitaka kampuni zimtaje mmiliki halisi, yaani mtu anayeshikilia angalau asilimia 10 ya hisa au kura, au mwenye usemi wa mwisho hata kama hisa zimeandikwa kwa jina la mwingine. Ni kanuni nzuri sana. Lakini taarifa hizo zilikusudiwa vyombo vya dola, na raia wa kawaida hana ufunguo wa daftari hilo.

Wapo wanaosema kufungua kila kitu kutawaweka wafanyabiashara hatarini, na hofu yao naielewa katika mji ambao watu huporwa kwa kuonekana wana pesa. Namba ya kitambulisho, namba ya simu na nyumba anamolala mkurugenzi zibaki kwa Msajili. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inalinda taarifa binafsi na ni sawa. Ninachotaka kionekane bure ni jina lake, kampuni yake, tarehe na hisa.

Na kama ningepewa kuchagua badiliko moja tu, ningechagua utafutaji kwa jina la mkurugenzi. CR12 huanzia kwenye jina la kampuni. Tapeli analijua hilo, ndiyo maana huiacha ile iliyochafuka na kufungua nyingine yenye jina jipya, bango jipya, ofisi mtaa wa pili, na wewe ukiitafuta hiyo mpya unaikuta haina doa. Kule Companies House unaandika jina la mtu na zinajitokeza kampuni alizowahi kuziongoza, zilizo hai na zilizofungwa. Mama wa Gikomba akiweza kufanya hivyo kwenye simu yake kabla ya kutia saini, kubadilisha bango hakutamsaidia tapeli tena.