Mbuzi wa Shangazi Hauzwi Mwenge

Ukiingia Mwenge, Dar es Salaam, kwenye vibanda vya vinyago, utakuta tembo wa mpingo wa kila kimo, twiga wa kukufika kiunoni, vifaru, simba. Mbuzi ni wa kutafuta. Na mbuzi jike aliyechanwa sikio la kushoto na seng'enge ndiyo humpati kabisa, maana alikuwa mmoja tu duniani, na alikuwa wa shangazi yangu, Muheza.

Alikufa masika ya mwaka jana. Shangazi si mtu wa kumlilia mbuzi, ila kila nikipiga simu alikuwa anamchomekea katikati ya habari za mahindi na za majirani. Ndipo nikaamua kumfinyanga.

Watu wakisikia zawadi ya kutengeneza mwenyewe wanadhani unabana matumizi. Thubutu! Udongo wa polima ni ghali. Kwa hela ya pakiti zangu chache ningepata kinyago kizuri na chenji ya soda. Mimi nazitetea zawadi hizi kwa jambo jingine. Fundi wa Mwenge, hata awe hodari vipi, anachonga mbuzi. Yule wa shangazi hajawahi kumwona.

Kuuita huo wa polima udongo ni kuupa heshima tu. Ni plastiki, PVC iliyolainishwa, haikauki juani mpaka uioke. Utotoni tulifinyanga ng'ombe kwa udongo wa mtoni, pembe tukachomeka miiba, jua likamaliza kazi. Akianguka, basi tena. Huu wa polima, aina yake moja asili yake ni karakana ya wanasesere: Käthe Kruse, mtengenezaji maarufu wa Ujerumani, hakuona faida yake, lakini binti yake aliyeitwa Fifi aliuchezea na kuuboresha, na mwaka 1964 kampuni ya Eberhard Faber ikauchukua. Ndio huo unaouzwa kwa jina la Fimo.

Kiini cha mbuzi wangu ni karatasi ya foili niliyoifinya ikawa ngumu kama kokwa la embe. Bila kiini tumbo linakuwa bonge, linaiva nje huku ndani bado. Miguuni nilitia waya, kwa kuwa miguu ya mbuzi ni myembamba na ndiyo inayotangulia kuvunjika. Udongo wenyewe ulikuwa mweupe, na mweupe hunasa kila unyuzi wa kanga uliyoivaa, kwa hiyo nilinawa mikono kama daktari.

Wengi humaliza jioni nzima wakichora manyoya kwa kijiti cha meno. Naona ni kupoteza muda. Nani anamtambua mnyama wake kwa manyoya? Mwili niliumaliza upesi, sikio moja likanila karibu saa mbili. Nililikata kwa wembe, likawa safi mno, kama limeshonwa na fundi cherehani. Nikalikandamiza, nikaanza upya, nikakata tena, wapi. Mwisho nikalichana kwa ukucha wa kidole gumba, kwa hasira kidogo, na pale pale akawa yeye.

Oveni yangu ndogo ya umeme ni mwongo. Niliitega nyuzi 130 kama pakiti ilivyoelekeza, na mbuzi wa kwanza (ndiyo, walikuwa wawili, na sikio nililirudia) akatoka na pembe za kahawia kama mkate uliosahaulika. Nilipoazima kipimajoto kikasoma 160. Rangi ni hasara ndogo: PVC ikiungua hutoa gesi ya kloridi ya hidrojeni, inayowasha macho na kubana kifua. Kwa hiyo nunua kipimajoto cha oveni kabla ya kununua hata rangi ya pili ya udongo, na madirisha yawe wazi. Wa pili alikaa nusu saa, nikamwacha apoe mwenyewe.

Alisafiri hadi Muheza amefungwa kwenye kipande cha kanga. Baada ya shikamoo na chai nikamtoa. Shangazi alivaa miwani, akamgeuza juu chini, akapitisha kidole kwenye sikio, akanyamaza kitambo.

"Ni yeye," akasema. "Ila mwanangu, umemnenepesha. Mbuzi wangu hakuwa na tumbo hili."

Ile foili bwana. Nikamwambia ana mimba. Akacheka mpaka akavua miwani, kisha akampandisha juu ya kabati la vyombo, wajukuu wasimfikie.