Kiota tumekinusuru, vifaranga je?

Nianze na kitu nilichokifanya mwenyewe nikadhani nimefanya la maana. Tulikuwa tunafyeka nyasi za mifugo, mi natembea mbele ya trekta, mara kwale akaruka karibu kabisa na mguu wangu, yaani alikuwa ametulia pale pale mpaka dakika ya mwisho. Nikainama. Mayai sita kwenye kishimo kidogo kilichotandikwa majani makavu, nikagusa moja kwa mgongo wa kidole, lilikuwa bado la moto. Nikamwambia dereva azunguke, tukaacha nyasi eneo la ukubwa wa kitanda hivi, tukaendelea na kazi na moyo wangu ukiwa mweupe. Kesho yake nikarudi kuangalia nikakuta maganda ya mayai mawili, mengine hayapo kabisa. Shamba zima limenyolewa halafu kichaka kimoja kimesimama katikati, sasa kunguru gani angepita pale juu asishuke kuangalia?

Tangu siku hiyo nawaza tofauti kuhusu hii habari ya kulinda ndege wanaotaga chini mashambani. Wengi wetu tukisema kulinda tunamaanisha yai. Tunaweka kijiti, tunapiga picha, tunazunguka kiota na trekta, basi. Nawaheshimu sana wanaofanya hivo, wengine hawasimamishi hata mashine, lakini kwa kwale, tombo, kanga na ndoero kiota ni kituo cha wiki tatu nne tu. Vifaranga wao wakishaanguliwa wanakauka manyoya, na ndani ya saa chache wanasimama wanamfuata mama, na pale kwenye kiota hawarudi tena. Kwa hiyo tunalinda kwa nguvu zote sehemu ambayo wenyewe wanaihama siku ya kwanza, na huko wanakoelekea hatujaandaa kitu.

Na huko ndo wanakufa. Kifaranga wa kwale kwa wiki mbili hivi za mwanzo maisha yake ni wadudu, mbegu zitakuja baadaye. Uingereza kuna utafiti ulioanza Sussex mwishoni mwa miaka ya 1960, ukiongozwa na mtafiti wa ndege Dick Potts, kuhusu kwale wa kijivu waliokuwa wanapungua kwa kasi kwenye mashamba ya nafaka. Wengi walidhani ni sumu. Kumbe sehemu kubwa ya tatizo ilikuwa dawa ya magugu, ambayo haimgusi kifaranga moja kwa moja: inaua magugu, wadudu waliokuwa wanakula yale magugu wanakosa pa kuishi, halafu kifaranga anatembea kutwa nzima kwenye ngano safi iliyonyooka anatafuta chakula na hakuna. Anakufa njaa katikati ya shamba lililostawi. Mimi hiyo picha haijanitoka kichwani. Suluhisho walilolipata lilikuwa rahisi mno: zile mita chache za ukingoni mwa shamba usizipige dawa, acha magugu kidogo, wadudu wapate kwao.

Najua mkulima akisikia "acha magugu" anashtuka, miaka yote tumeambiwa shamba chafu ni aibu ya mwenye shamba. Lakini ukingo mara nyingi ndo sehemu inayotoa mavuno kidogo zaidi, udongo umekandamizwa na matairi, kivuli kipo, kwa hiyo unachopoteza ni kidogo ukilinganisha na unachoacha kiishi.

Halafu kuna suala la namna ya kufyeka, hapa naomba nieleweke vizuri maana halihitaji hela. Kawaida tunaanza pembeni, tunazunguka kuelekea ndani, tunamalizia katikati. Sasa jiweke kwenye nafasi ya ndege mwenye vifaranga wasioweza kuruka: kelele zinatoka nje, anasogea ndani, mzunguko unaofuata anasogea tena, hawezi kukimbia nje kwa sababu pale pameshakuwa uwanja mtupu na yeye anaogopa uwazi, mwisho wamebanana wote kwenye kile kipande cha mwisho na mashine inakuja. Hivo ndivyo corncrake, ndege wa majani marefu anayezaliana Ulaya na kuja Afrika kukimbia baridi, alivyotoweka sehemu kubwa ya Uingereza. Huko Scotland wakulima walioshirikiana na wahifadhi walianza kufyeka kutoka katikati kwenda nje, wakachelewesha kufyeka mpaka Agosti, wakaacha na majani marefu pembeni ya kujificha, na idadi ikaanza kupanda tena. Trekta ni ile ile, mafuta karibu yale yale. Ila usiku usifyeke, mama akiwa amelala juu ya watoto hataondoka, na punguza mwendo kwenye mistari ya mwisho.

Ila sitaki kudanganya kwamba kila kitu ni bure. Kuchelewa kufyeka kunamuumiza mfugaji, nyasi zikikomaa zinapungua ubora, ng'ombe hali huruma yako. Kaskazini mashariki mwa Marekani kuna ndege anaitwa bobolink anayejenga kwenye nyasi za kukausha, na ili makinda wake wapate kuruka inatakiwa zipite siku kama 65 kati ya mkato wa kwanza na wa pili. Kule watu wa kawaida wanachanga pesa na mkulima analipwa kwa kusubiri. Mi naona hiyo ndo haki. Utafiti wa mwaka 2019 ulionyesha Marekani na Kanada zimepoteza zaidi ya nusu ya ndege wa nyika tangu 1970, hasara ya namna hiyo huwezi kumbebesha mkulima mmoja mmoja halafu sisi wengine tukabaki kulaumu mtandaoni.

Na tusitafute kanuni moja ya ndege wote. Ndoero anataka udongo wazi aone adui kutoka mbali, kwale anataka majani ya kujificha. Kipozamataza wa Uingereza ngano ikishakuwa nene anashindwa kushuka, anaishia kujenga kwenye njia za matairi ambako mbweha nao wanapita, ndo maana wakulima wa kule wanazima mashine ya kupandia kwa hatua chache wanaacha viraka vitupu vya mita za mraba kama 16, viwili kila hekta, basi anapata pa kutua.

Msimu uliofuata tulianza kufyeka katikati. Upande mmoja tukaacha ukanda mrefu wa nyasi unaoungana na vichaka vya mpakani, siyo kisiwa tena. Karibu na mwisho dereva akanyoosha mkono bila kusema kitu, akazima injini. Kwale ametoka mbele anatembea ameinamisha shingo, nyuma yake vifaranga wadogo kama kidole gumba, wanne, halafu wa tano akachelewa, akasimama kwenye nyasi zilizokatwa analia. Mama hakurudi, aliita tu kutoka kwenye majani. Tulisubiri mpaka akaingia.