Mwanamume Kwenye Kwaya ya Akina Mama

Elimu yangu ya studio niliipata chini. Chini kabisa, kwenye turubai la muuza vitabu vya mitumba pale Posta, Dar es Salaam. Ndipo nilipokuwa nikiokota majarida ya Kiingereza ya mambo ya kurekodi, Sound On Sound, Computer Music na mengine yaliyokwisha nyofolewa majalada. Yale yaliyokuwa yakitolewa na DVD ilibaki alama ya gundi tu mahali ilipobandikwa.

Nilianzia kurasa za uchambuzi wa vifaa, kama mtoto anayeanza na nyama, ugali baadaye. Wachambuzi hao wana lugha yao. Maiki hii ina joto. Ile ina hewa. Kisanduku cha bei ya pikipiki kinasifiwa kwamba kina rangi ya kupendeza, ukitazama picha ni cheusi. Nikayameza yote. Kabla sijashika maiki hata moja niliweza kukueleza kwa nini maiki ya Shure SM57, ya tangu mwaka 1965, bado inawekwa mbele ya ngoma na spika za gitaa, na kwa nini trei za mayai ukutani hazizuii kelele kutoka nje. Karatasi nyepesi vile, itamzuia nani? Studio za mtaani kwetu zilijaa trei. Nilikuwa nikipita natikisa kichwa kwa huruma.

Kadi ya sauti, kile kifaa cha kuunganisha maiki na kompyuta, niliyoinunua Kariakoo ilikuja na programu ya kurekodi iitwayo Cubase, ile ndogo ya kuonjesha. Wajerumani wa Steinberg walianza kuiuza mwaka 1989 kwa kompyuta za Atari, na nadhani tangu siku hiyo hawajaacha kuongeza vitufe. Bahati nzuri jarida moja lilikuwa na mafunzo yake, sehemu tatu katika matoleo matatu, na yote matatu nilikuwa nayo. Ya kwanza ilikuwa kuiweka programu kwenye kompyuta. Ya tatu ilikuwa kumiksi, yaani kuzichanganya sauti zikae sawa. Nilipofungua toleo la katikati nikakuta kurasa zile hazipo, zimechanwa vizuri kabisa kwa kufuata mshono. Nikamlaani muuza vitabu kimoyomoyo. Halafu nikajiambia, kati ya kuanza na kumaliza kuna nini kikubwa?

Habari zikamfikia mama mkwe.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Nasikia umefungua studio. Sisi kwaya ya akina mama tuna wimbo wetu wa sikukuu ya mavuno. Wajumbe wenzangu nimeshawaambia."

Alikuwa ameshawaambia. Hapo mkwe anajibu nini?

Wakaja Jumamosi, mama saba, vitenge sare, kwenye chumba chetu cha Mbagala. Nilikuwa nimeegemeza magodoro mawili ukutani na kutundika blanketi dirishani, Januari hiyo, feni imezimwa kwa sababu maiki inasikia kila kitu. Kichujio cha pumzi nilikitengeneza kwa waya wa kutundikia nguo na soksi ndefu ya mke wangu. Mama mmoja wa sauti ya pili aliitambua kuwa ni soksi, akasitasita kuimbia mbele yake. Maiki yenyewe ilikuwa ya Kichina, nene kama kopo la maziwa. Nikabonyeza kitufe cha volti 48, umeme wa kuiamsha maiki, taa nyekundu ikawaka, akina mama wakasema "aaa". Mimi nikakaa mezani mbele ya laptopu, na mfuko wa karanga.

Kulikuwa na kasoro moja tu. Nilipofungua njia ya waimbaji kujisikia kwenye hedifoni, sauti iliwarudia imechelewa, kila mstari unaimbwa mara mbili. Uchambuzi mmoja ulikuwa umenifundisha kwamba bafa, mahali kompyuta inapokusanya sauti kabla ya kuishughulikia, ikiwa ya sampuli 2048 inachelewesha sauti karibu milisekunde 46, na hapo ni kuingia tu, kutoka bado. Dawa ni kuipunguza. Sikujua inapunguziwa wapi, kwa hiyo nikazima njia yote. Vile vijiti vya kijani kwenye kioo vilikuwa vinapanda na kushuka vizuri, sasa nisikilize nini zaidi?

Tukarekodi saa tatu. Jasho liliwatoka mpaka wanja ukafika mashavuni. Mwishoni nikampa mama mkwe hedifoni asikie kidogo.

"Mwanangu, mbona kama tuko kisimani?"

"Hiyo ndiyo hewa, mama. Wenzetu wanailipia."

"Na hii kwacha-kwacha?"

"Joto la maiki."

Akanitazama kama anavyomtazama muuza samaki, lakini akanyamaza.

Usiku nikamiksi kwa kufuata sehemu ya tatu. Umeme ulikatika mara mbili, na hedifoni zangu zilikuwa zimebaki sikio moja. Hata hivyo nilisikia jambo lililonifurahisha mno: chini ya sauti za akina mama kulikuwa na uzito fulani, mzito, wa kifuani, unaotembea na wimbo. Joto! Lile lile la kwenye majarida. Nikaipandisha besi. Nikaweka kompresa, ambayo kazi yake ni kubana sauti kubwa. Kisha unapandisha zote pamoja, na vidogo vyote vilivyokuwa vimejificha vinainuka na kusimama. Nikaipandisha tena. Nikalala kama mfalme.

Jumapili baada ya ibada tukakusanyika sebuleni kwa mama mkwe. Soda zikafunguliwa, nikachomeka laptopu kwenye redio kubwa.

Ubeti wa kwanza, mama saba kwa mbali, kisimani. Na juu yao, karibu kabisa, kana kwamba amekaa kwenye kochi pamoja nasi, mwanamume anaguna wimbo kwa ufunguo usiofahamika.

"Huyu mwanamume ni nani?" akauliza mama mkwe.

Hakuna aliyejibu. Mwenyekiti wa kwaya akaanza kuhesabu wenzake kwa kidole.

Ubeti wa pili kuna mahali wanapumzika wote, kimya cha unyenyekevu mbele ya neno "Bwana". Pale pale: kwacha, kwacha, kwacha.

"Anatafuna," akasema mama wa soksi.

Kicheko kikatokea jikoni. Mke wangu akaja mlangoni na mwiko mkononi, machozi yanamtoka. "Mama, huyo ni baba watoto! Ndivyo anavyoimba bafuni!"

Nilipofika nyumbani nikaigonga maiki kwa ukucha. Vijiti vya kijani havikutikisika. Nikakwaruza kioo cha laptopu, vikaruka mpaka vikawa vyekundu. Saa tatu zote tulirekodi kwa kile kitundu kidogo cha maiki ya laptopu yenyewe, nusu mkono kutoka mdomoni mwangu. Maiki ya Kichina ilikuwa hai na taa yake, inasikia kila kitu kama ilivyosifiwa, ila hakuna aliyekuwa akiisikiliza.

Nikaketi kitandani. Binti yangu wa darasa la nne alikuwa sakafuni anafanya kazi ya Sayansi, na daftari lake amelifunika kwa karatasi nzuri, nzito, inayong'aa, nikawa naitazama tu bila kufikiri. Kulikuwa na picha ya dirisha la Cubase, kichwa chini miguu juu. Pembeni yake, kwa herufi nene: Sehemu ya 2, kuchagua mlango wa kuingizia sauti.

"Nani kakufunikia daftari?"

"Mama. Mwalimu alisema lisilofunikwa ni fimbo."

Nikamwomba anipe ile karatasi. Akalikumbatia daftari. Tukaafikiana nisome hivyo hivyo, yeye akiwa ameligeuza. Nikasoma hatua ya kwanza, ya pili na ya tatu: fungua orodha ya vifaa, chagua dereva, yaani programu inayoendesha kadi yako, kisha... Sentensi ikaishia kwenye mkunjo.

"Inaendelea wapi hii?"

"Kwenye la Hisabati," akasema. "Lakini liko kwa mwalimu, anasahihisha."