Jamani, Hatuuzi Ndizi!

Leo asubuhi jirani yangu amenikabidhi bahasha. Ndani mna shilingi elfu thelathini na karatasi ya waliochanga, kila jina na kiasi chake, ili siku yao ikifika nijue nilipe nini. "Pole, Baba Zaituni," akasema kwa sauti ile ya matanga. "Tuliwaona mkiondoka na mizigo kwenye baiskeli, wewe na mama. Tukajua mambo yameharibika."

Mambo hayajaharibika! Tulikwenda kutembea!

Chanzo ni wazungu wawili, mume na mke, waliokuwa wakigongewa pasipoti hapa mpakani Busia, upande wa Uganda. Wametoka Cairo, wanashuka mpaka Cape Town kwa baiskeli, soksi zimeanikwa nyuma ya kiti. Mama Zaituni akasimama akiwatazama kwa muda mrefu. "Unaona wenzetu wanavyopendana?" Mimi nilichoona ni soksi. Lakini dada yake kaolewa Kabale, na wiki hiyo hiyo ikaamuliwa, sijui kikao kilikaa wapi, kwamba twende tukamsalimie kwa namna ya kupendana.

Busia hadi Kampala ni kama kilomita mia mbili, na Kabale ni mia nne na zaidi huko mbele. Hizo ni za basi. Kwa baiskeli, milima ya Kigezi huko Kabale haihesabiwi kwa kilomita, unaihesabu kwa majina ya mababu unaowaita ukipanda.

Wala mimi si mgeni wa baiskeli. Sisi watu wa Busia tumebebana kwa baiskeli kati ya Uganda na Kenya tangu miaka ya 1960, abiria kakalia keria yenye mto, kabla pikipiki hazijazaliwa. Baba yangu alinisomesha kwa keria. Lakini baiskeli ya baba ilikuwa na kazi. Hapa kwetu mtu mweusi akionekana juu ya baiskeli na mabegi, lazima awe anapeleka kitu: matoke, mkaa, madebe ya maziwa, mgonjwa. Ukipita na mzigo usioeleweka, nchi nzima inapata homa.

Iganga mama mmoja alishika begi langu tukiwa bado tunakwenda. "Ni mitumba? Fungua nichague." Jinja tuliliona lile daraja la nyaya la 2018, mita 525, Mama Zaituni akatoa simu apige picha, askari akatoa jicho, simu ikarudi mfukoni. Namawojjolo wale vijana wa makoti, wanaokimbilia magari na kuku kwenye vijiti, wakatukimbilia na sisi. Walipofika karibu wakatutazama vizuri, wakarudi na kuku wao. Kampala sitaizungumzia. Mashimo ya barabara zake wenyeji waliyafanyia maonyesho mtandaoni mwaka 2023. Mimi nimeyakagua kwa makalio. Na pale Kayabwe kwenye mstari wa Ikweta, kijana wa beseni akataka kutuonyesha maji yanavyozunguka kulia upande huu na kushoto upande ule, hatua chache tu kati yake. Mama Zaituni akamwambia hiyo si Ikweta, ni mkono wako unavyomimina. Kijana akanyamaza, akatutazama kuanzia juu mpaka kwenye pedeli. "Na nyinyi mnauza nini?"

Basi jua likatuzamia tukiwa tumeshapita wauza samaki wa Lwera na Lukaya nayo. Tukaona uwanja wa shule, nyasi safi. Tukaomba kusimamisha hema. Tukaambiwa mwenye ruhusa ni mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji.

Mwenyekiti akaja, mzee mrefu, koti la suti juu, kandambili chini. Zamani alikuwa askari, na ilionekana alikuwa na Kiswahili cha kambini ambacho hakijapata pa kutokea kwa miaka mingi.

"Nyinyi natoka wapi?"

"Busia, mzee."

"Nakwenda wapi?"

"Kabale."

"Basi naharibika wapi?"

"Hakuna basi, mzee. Tunakwenda kwa baiskeli."

Akatazama baiskeli. Akatazama barabara tulikotoka. "Nani nafukuza nyinyi?"

"Hakuna anayetufukuza. Tunatembea."

"Natembea." Akaligusa furushi kwa fimbo. "Na hii?"

"Hema."

Hapo nikajua nimekosa neno. Kwa mtu aliyevaa gwanda, hema si jambo la mapenzi. Sauti ikashuka. "Hema ya nani? Wengine iko wapi?"

"Tuko wawili tu, mzee. Mimi na mama."

"Kamanda nani?"

Mama Zaituni akainua mkono. "Mimi."

Mzee akampigia saluti ndogo, na tangu hapo hakuzungumza na mimi tena.

Ikaitwa kamati. Katibu wa usalama akaja na panga, mwingine na daftari, na nyuma yao kijiji kizima, watoto mbele. Barua ya mwenyekiti wa kwenu iko wapi? Nikaeleza kwamba hatuhamii, tunalala tu. Nikajibiwa kwamba mtu halali bila barua. Mabegi yakafunguliwa kwa mwanga wa simu na kila kitu kikainuliwa juu kionekane: sufuria, moja. Pampu, moja. Soksi, mbichi. Fulana yangu ya ndani ilizunguka mkono kwa mkono hadi kwenye mti wa maembe ikarudi. Mimi, mtu ambaye kwenye harusi za Busia huwekewa kiti cha mbele!

Ndipo bibi mmoja akamgeukia mke wangu kwa upole. "Mwanangu, kwenu mna nyumba?"

"Tunayo, bibi."

"Ya matofali?"

"Ya matofali."

"Ina bati?"

"Ina bati."

"Na kitanda?"

"Sita kwa sita."

Wanawake wakapiga makofi ya masikitiko. "Basi huyu mwanamume anakuadhibu kwa lipi?"

Mama Zaituni akainamisha kichwa asijibu kitu! Kimya! Mwenye safari ni yeye!

Hukumu ilikuwa kwamba mwanamke mwenye kitanda cha sita kwa sita hawezi kulala chini ya nguo katika kijiji kile. Tukapewa stoo ya shule, mahindi upande huu, mbuzi upande ule. Lakini kwanza barua, kwa shilingi elfu tano, na barua bila muhuri ni karatasi, na muhuri ulikuwa kwa mke mdogo wa mwenyekiti, ng'ambo ya bonde. Akatumwa mtoto kwa baiskeli. Yangu.

Asubuhi tunafunga mizigo, mara wazungu wale wale! Kumbe walikuwa wamepumzika Jinja. Mabegi manne kila mmoja, hema juu, soksi nyuma. Kijiji kikalipuka. Watoto wakapunga mikono, mwenyekiti akakimbia na koti lake akapigwa nao picha, katibu wa usalama akawashikia baiskeli kwa adabu. Hakuna aliyewauliza wanauza nini. Hakuna! Barua ya LC ya Cairo iko wapi? Nani nafukuza nyinyi? Hata kitanda chao hakikuulizwa, jamani, hata futi!

Kabale tulifika. Shemeji alilia. Mumewe akanivuta pembeni akaniuliza kwa siri, "Mmeuza gari?" Hatujawahi kuwa na gari, lakini swali lilinipendeza, nikasema tutazungumza baadaye.

Kwa hiyo ninayo barua yenye muhuri inayosema mimi ni mtu mwema, kutoka kijiji nilicholala na mbuzi. Na hapa kwetu barua kama hiyo, ya kuombea kitambulisho cha Zaituni, naiomba tangu Ramadhani, naambiwa wino umekwisha. Wino! Huyu mwenyekiti wetu wa LC1 si ndiye tuliyempigia kura mwaka 2018 kwa kujipanga mstari nyuma yake? Wale wa kabla yake walikuwa wamekaa tangu 2001 bila uchaguzi, tukasema sasa tumepata mtu. Nilisimama juani kwa ajili yake, na nyuma yangu bwana mmoja anatafuna muwa, makapi yote kwenye viatu vyangu, vya ngozi. Leo bwana huyo ndiye anayeshika ufunguo wa sanduku la muhuri. Ukimwendea anakwambia njoo Jumatatu. Jumatatu yuko Tororo.