Shangazi na Jiko la Jua

Nilimwahidi shangazi kwamba akilizoea jiko la jua hatajitwisha tena tita la kuni. Nikalitegesha uani: dishi pana linalong'aa, na mbele yake chuma cha kuwekea sufuria, pale miale yote inapokutana. Nikavaa miwani ya jua, maana kulikodolea dishi lile macho makavu ni kutafuta upofu. Shangazi akauliza kama nasafiri.

Sufuria niliipaka masizi kwa nje (nyeusi hunywa joto, inayong'aa hulirudisha lilikotoka), nikatia maharage yaliyolala majini. Tukingoja, nikaanza kutoa darasa. Nikamsimulia habari za Horace-Bénédict de Saussure wa Geneva, aliyeivisha matunda kwa jua tu mwaka 1767, ndani ya sanduku la vioo.

"Na mkewe akaacha kuokota kuni?"

Nikahamia kwenye sayansi. Jua halimsubiri mpishi. Kila saa husogea nyuzi 15, na dishi lisipogeuzwa, miale huiacha sufuria na kwenda kupika hewa. Kila nilipoinuka kuligeuza, shangazi alicheka.

"Mafiga yangu hayana haja ya kusindikizwa."

Maharage yakatokota vizuri tu. Nikaipua sufuria nionje, nikaingia ndani kutafuta chumvi. Sasa, shangazi ni mtu asiyeweza kuona nafasi tupu akaiacha ikae bure. Vijiti vyake vilikuwa vimenyeshewa usiku, na pale mbele yake kuna chuma cha moto hakina kazi.

Natoka na chumvi, nakuta moshi.

"Shangazi, hapo si pa kuanikia!"

"Kidogo tu, mwanangu, vinakauka hivi."

Puu! Vikalipuka. Shangazi akaruka nyuma, akautazama moto, akalitazama dishi, akanitazama mimi na miwani yangu. Nikajua leo nitafukuzwa. Badala yake akashika koleo, akahamisha vijinga kimoja kimoja hadi mafigani, akabandika maharage yangu juu yake na kupuliza.

"Sasa jiko lako nimelielewa," akasema.

Maharage yaliiva, yenye harufu ya moshi. Mimi nilishinda nikisugua masizi kwenye dishi. Nilipotaka kulifungasha, shangazi akakataa katakata. Siku hizi halikosi kazi: jua likichomoza sawasawa hulitia vijiti, na majirani humiminika na vifuu vyao kuomba moto. Kiberiti hanunui tena.