Mizani Nane, Karatasi Shilingi Kumi

Yaani mtu anakaa ofisini anaamua Gredi ya 2 isome mashairi wiki mbili, sawa, mimi na mashairi hatujawahi kosana, shida yangu ni ile fomu ya mpango wa somo mwalimu anajaza kabla ya kufundisha. Mada, mada ndogo, matokeo maalum yanayotarajiwa, masuala mtambuko, swali dadisi. Swali dadisi la mtoto wa miaka saba akiona shairi ni moja tu, mwalimu naenda choo. Mshairi Muyaka alitunga huko Mombasa karne ya 19 na sijasikia mtu alimwitisha umilisi wa kimsingi.

Na kipindi ni dakika 30, ukitoa wale wa kuchonga penseli unabaki na ngapi?

Anyway nikatunga langu, maana haya ya vitabuni ni majahazi na minazi, na huku kwetu Kisumu mtoto anajua omena, wale dagaa wa ziwani. Vina unaweka mwisho wa mstari, mizani unawaambia wapige makofi kila silabi, ku-ku we-tu wa nyu-mba-ni, makofi nane, wanashika haraka kuliko mwalimu mkuu. Likaanza hivi:

Kuku wetu wa nyumbani,
Anataga kabatini,
Baba yuko safarini,
Na mayai ala nani?

Mwalimu mkuu akasema huyo baba wa safarini ataleta wazazi shuleni. Sijamjibu.

Sasa saiba, pale tunaenda kuprinti, hapo Kondele. Nimemtumia kijana wa hapo faili ya shairi, nimekaa kwa benchi kwa heshima zangu zote za taaluma, kumbe jamaa anafanya kazi yake huko.

"Mwalimu, hizi enta zote ni za nini?"

"Hizo ni beti."

"Zi, huku kulia kote ni tupu. Unaprinti hewa? Nimekuunganishia, zilikuwa karatasi tatu sasa ni moja."

Nikaangalia skrini. Shairi zima limekuwa aya. Nikamwambia polepole, kijana wangu, shairi lina mishororo. Akasema ndio ameona, na pia ameona nimerudia ni, ni, ni kila mahali kwa hivyo amenirekebishia, sasa ni "anataga ndani ya kabati" na "baba amesafiri". Ati sasa inasomeka. Ameng'oa vina vyote kwa mkono wake na anangoja asante!

Kabla sijapumua mama mmoja aliyekuja kujaza ritani ya ushuru akainama kwa skrini, "Lakini mwalimu, hayo mayai anakula nani?" Mzee wa nyuma akasema ni huyo baba, hakuna safari hapo, amejificha. Mama akasema wanaume wako hivyo. Mwingine akauliza kuku wa kutaga kabatini ni wa kienyeji ama wa gredi, hapo ndio kukawa bunge, foleni yote imesahau ritani, mpaka msichana wa Mpesa ametoka kwa kibanda chake kuja kutetea kuku. Hiyo ndio swali dadisi yenyewe, lakini nani atapiga picha niweke kwa ushahidi?

Nikamwambia kijana arudishe vile ilikuwa, herufi kwa herufi. Akaanza. Stima ikapotea.

"Ulisevu?"

"Nisevu saa ngapi na mnaniongelesha mayai?"

Na bado anataka kumi. Ya nini? Ya ile karatasi moja aliprinti kuangalia kama wino iko! Unajua mimi nimechoka, sio na mashairi, mashairi ni matamu na watoto wangeimba hiyo kuku mpaka Krismasi, nimechoka na kutafuta karatasi ya kuonyesha kwamba nitafundisha, kuliko kufundisha. Watoto wamekaa wanne kwa deski wanangoja, mimi niko Kondele natetea enta.

Halafu nipande tuktuk nirudi shule, dereva anasema tungoje mmoja, na tushajaa mpaka mwingine amekaa nusu nje. Mama wa omena ameweka beseni juu ya mguu wangu, ananiambia mwalimu songa kidogo. Nisonge wapi mama, nikashike usukani?