Pasaka Tunaijulia Mwaloni

Kwa miaka kadhaa nilifundisha mwaka wa Kanisa kwa chati ya rangi. Zambarau Majilio na Kwaresima, nyeupe Noeli na Pasaka, nyekundu Pentekoste na mashahidi, kijani siku zilizobaki. Vijana wa kipaimara walikariri, wakafanya mtihani, wakafaulu. Askofu akaja, akawapaka krisma, tukapiga picha. Baada ya hapo wengi wao sikuwaona tena ila Noeli.

Kilichonizindua ni swali la binti mmoja: "Mwalimu, Noeli haihami. Mbona Pasaka inahamahama?" Nikaanza kueleza: ni Dominika inayofuata mwezi mpevu wa kwanza kuanzia Machi 21, kwa hiyo haiji kabla ya Machi 22 wala haipiti Aprili 25. Darasa zima likanikodolea macho kama sangara kwenye barafu. Ndipo kijana wa benchi la nyuma, ambaye baba yake ni mvuvi wa dagaa, akasema bila hata kunyoosha mkono, "Kumbe ndiyo maana Pasaka baba huwa nyumbani."

Kwa msioishi ziwani: dagaa huvuliwa usiku wa giza, kwa taa. Mwanga wa taa ndio unaowavuta. Mbalamwezi ikitanda juu ya maji, taa haina kazi tena. Mitumbwi hupandishwa mchangani, nyavu hushonwa, mwalo, yaani pale ufukweni samaki wanaposhushwa, hupoa. Na Juma Kuu huangukia humo humo, kwa sababu Pasaka yetu, kama ile ya Wayahudi iliyoitangulia, imefungamana na mwezi. Mwaka 2025 mwezi ulijaa alfajiri ya Dominika ya Matawi. Mwaka 2026 ni alfajiri ya Alhamisi Kuu. Watoto wa mwaloni wanaijua kalenda hii tangu wakiwa mgongoni. Sisi walimu hatukuwahi kuwaambia kwamba ni ya Kanisa pia.

Hapo ndipo penye ugomvi wangu na mafundisho yetu, yangu mwenyewe yakiwa ya kwanza. Tunafundisha liturujia kama jiografia ya nchi ya watu wengine. Majilio huanza Dominika iliyo karibu zaidi na Novemba 30. Huku kwetu wakati huo mvua za vuli zimeshika na mbegu ziko ardhini. Mtoto aliyepanda mahindi na mama yake anajua kungoja ni nini, halafu sisi tunamchorea theluji ubaoni.

Siku hizi chati imebaki kabatini. Juma moja kabla ya Jumatano ya Majivu, vijana wanapita jumuiya kwa jumuiya kukusanya matawi ya Dominika ya Matawi ya mwaka jana, yale yaliyochomekwa nyuma ya picha ya Moyo Mtakatifu na juu ya milango. Wanayachoma wenyewe, wanachekecha majivu ya kupakwa siku hiyo. Mmoja aliwahi kushika kiganja cha majivu akauliza, "Haya ndiyo tuliyoimbia Hosana?" Sikuongeza neno.

Kuhusu Ijumaa za Kwaresima, nitasema tu hivi: mtu wa Mwanza anayeacha nyama akaagiza sato wa kukaanga, na ugali wa moto pembeni, sijui amejinyima nini. Vijana wenyewe waliligundua hilo wakacheka sana, kisha wakaamua kuacha soda na bando la usiku.

Mwenzangu mmoja ananiambia nawachezesha watoto badala ya kuwapa mafundisho. Hajakosea kabisa. Jivu bila Maandiko ni uchafu wa jikoni. Lakini nimemwuliza: tunapofundisha kwamba Kwaresima hakuna Utukufu wala Aleluya, halafu kinanda kikapigwa Dominika ile ile kana kwamba Pasaka imefika, mtoto amwamini nani, mwalimu au kinanda?

Wala mambo haya si mapya. Nendeni Bujora, pale Kisesa karibu na Mwanza, mkaone kanisa la mviringo alilojenga Padri David Clement, mmisionari kutoka Kanada, kwa sura za ngoma na viti vya watemi wa Kisukuma. Sikukuu ya Ekaristi Takatifu huko huitwa Bulabo, yaani maua, na baada ya Misa vyama viwili vya ngoma, Bagika na Bagalu, hushindana kucheza. Sijamwona kijana wa Kisukuma anayehitaji chati ili akumbuke Ekaristi ni mwezi gani.

Mkesha wa Pasaka uliopita nilimpa yule kijana wa dagaa kazi ya kuwasha moto mpya nje ya kanisa. Upepo wa ziwani ulizima kiberiti cha katekista mara tatu. Yeye aliupa upepo mgongo, akakinga kwa viganja kama mtu anayewasha karabai, moto ukashika mara moja.

Ijumaa iliyofuata tulisoma injili ya siku, Yohana 21. Petro anasema, "Naenda kuvua samaki," wenzake wanamfuata, na usiku ule hawapati kitu. Nikauliza darasa: kwa nini hawakupata? Nilikuwa nimejiandaa kusikia kuhusu imani haba, kuhusu kazi bila Bwana.

"Mwalimu," akasema yule wa benchi la nyuma, "si Pasaka ilikuwa ndiyo imepita? Kulikuwa na mbalamwezi."